Mvutaji wa Uani

Shuka lilinuka sigara.

Mama Pasi aliliinua kutoka mezani, bado la moto, akalisogeza puani. Sabuni ilikuwepo, wanga ulikuwepo, na ile harufu ya pamba iliyopitiwa na chuma cha moto, ambayo aliizoea kuliko harufu ya mumewe. Lakini chini ya hayo yote kulikuwa na sigara. Haikuwa harufu ya mtu aliyepita nje anavuta. Ilikuwa ya moshi uliolala ndani ya kitambaa, kana kwamba shuka lile lilikuwa limetandikwa mwezi mzima chini ya mvutaji.

Akalitupa kwenye beseni, akachukua la pili. Nalo lilinuka. La tatu vilevile. Mashuka kumi na mawili ya nyumba ya wageni, aliyoyafua mwenyewe jana na kuyaanika juani tangu asubuhi, yote yananuka kama kijiwe cha wavutaji.

"Pumbavu kabisa," akasema kwa sauti, na hakujua anamtukana nani.

Ilikuwa siku yake ya kumi na tisa bila sigara. Na kilichomuuma ni kwamba hii ilikuwa mara ya pili. Mara ya kwanza aliacha miezi kumi na minne mfululizo, baada ya kuvuta miaka kumi na minane. Aliacha kwa ajili ya binti yake, mtoto wa pekee, wa miaka kumi na minne, mwenye pumu ambayo daktari alisema haitaki moshi hata wa mshumaa. Watu walimpongeza. Mumewe, fundi friji, mtu asiyejua kusifia, alimnunulia viatu. Halafu siku moja akateleza, akavuta wiki nzima, na tangu hapo hakuna aliyempongeza tena kwa lolote. Kuacha mara ya pili ni kugumu kuliko mara ya kwanza, lakini nani ataelewa? Watu humtazama mtu wa namna hiyo kama pasi iliyowahi kuunguza nguo: hata ikiwa imezimwa, hawaishiki bila kuigusa kwanza kwa kidole.

Duka la kufulia nguo lilikuwa la wifi yake, dada mkubwa wa mumewe. Wateja walimwita Madam Risiti, kwa sababu hata mama yake mzazi hakupewa nguo bila kuonyesha risiti. Alitokea mbele akiwa na kalamu sikioni, akasimama mlangoni, pua ikamcheza.

"Wifi," alisema polepole. "Tumerudi kule kule?"

"Sijavuta."

"Sijasema umevuta. Nauliza."

"Na mimi najibu. Sijavuta!"

Madam Risiti aliokota shuka kwenye beseni, akalinusa, akalirudisha kwa vidole viwili. Laiti angesema neno, Mama Pasi angepata pa kupigia kelele.

* * *

Ile wiki aliyoteleza ilianza hivi. Kola ya shati la mwalimu mkuu iliungua, na haikuwa kazi yake, lakini wifi alimfokea mbele ya wateja wanne. Akatoka uani na kifua kimejaa. Uani palikuwa na kamba za kuanikia, pipa la kuchemshia maji, na mabeseni. Juu ya beseni lililofunikwa alikuta mwanamke mrefu wa gauni la kijivu, kaketi amekunja nne, anavuta.

"Wamekuudhi, mwenzangu," yule mwanamke alisema. Hakuuliza. Alisema.

Mama Pasi alidhani ni mteja aliyechoka kusubiri. Mwanamke akanyoosha pakiti. Mkono wa Mama Pasi ukaenda wenyewe, kama unavyokwenda kwenye swichi ya taa nyumbani gizani.

Wakawa wanavuta pamoja kila siku saa kumi, muda wake wa mapumziko. Yule mwanamke hakuwa na maneno mengi, ila alijua kuunga mkono. "Huyo wifi yako hana shukrani." "Huyo mumeo anajua kunusa tu, kusaidia hajui." Siku ya tano ndipo Mama Pasi alipogundua kitu, akajiambia kwamba macho yake yamechoka: yule mwanamke alikuwa anavuta ndani, anavuta, anavuta, mashavu yanabonyea, lakini moshi hautoki. Si puani, si mdomoni.

Siku ya saba binti yake alimkumbatia aliporudi kazini, akakohoa mpaka midomo ikageuka rangi. Walimkimbiza hospitali. Kesho yake saa kumi Mama Pasi alikwenda uani, akasema, "Mwenzangu, mimi basi. Mtoto wangu anaumwa."

Mwanamke alicheka kidogo. "Sawa. Tuone nani atachoka kwanza."

Hakumwona tena. Ndipo alipoanza kuhesabu siku, mpaka zikafika kumi na tisa, na mashuka yakanuka.

* * *

Baada ya mashuka zikafuata sare za wauguzi. Baada ya sare, gauni la bibi harusi, ambalo mama wa bibi harusi alilirudisha akiwa amelibeba mbali na mwili wake kama amebeba panya. Kisha yakaja majivu: alikuta vidonge vidogo vya kijivu juu ya mashati meupe aliyokwisha kukunja, na alipovipangusa vikaacha mstari. Na kila ilipogonga saa kumi, akiwa peke yake mezani, alisikia nyuma ya bega lake njiti ikikwaruzwa: chrii. Aligeuka kila mara. Hapakuwa na mtu. Ila alisikia ule mvuto, mrefu, wa mtu mwenye kiu, na akasubiri pumzi itoke, nayo haikutoka.

Nyumbani mumewe alimnusa nywele akidhani amelala.

Mama Pasi alikurupuka akawasha taa. "Ninuse vizuri basi! Ninuse na mdomo! Haya!" Akamfungulia mdomo mbele ya uso kama mgonjwa wa meno.

Mumewe alinusa, kwa aibu. "Mdomo hauna kitu. Lakini nywele, mke wangu... na mto... na chumba cha mtoto."

"Chumba cha mtoto?"

"Jana na leo. Usinitazame hivyo. Mimi sikulaumu, ila kama ni kweli, bora mtoto akakae kwa mama yangu kwa muda."

Kuna hasira zinazopiga kelele na kuna zinazonyamazisha. Hii ilimnyamazisha. Aliketi ukingoni mwa kitanda anatazama ukuta. Siku ishirini na tatu za kutafuna vijiti mpaka fizi zinatoka damu, siku ishirini na tatu za kutetemeka, za kuota yuko na sigara na kuamka analia, na malipo yake ni kunyang'anywa mtoto yule yule anayemfanya ateseke. Alitamani kuvunja kitu. Na hapo hapo, kwa kuwa mwili hauna haya, alitamani sigara.

Asubuhi alimvaa wifi yake dukani kabla hata kufuli halijawekwa pembeni.

"Yule mteja wako wa gauni la kijivu, mrefu, ndiye aliyenirudisha kwenye sigara. Mlete! Mwite hapa aseme kama nimevuta tena."

"Mteja gani?"

"Yule aliyekuwa anakaa uani kila siku saa kumi! Wiki nzima!"

Madam Risiti aliweka kalamu chini. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi sauti yake ilishuka. "Wifi, ule ua una ukuta pande tatu na vipande vya chupa juu. Kuingia ni kwa mlango huu, mbele ya meza yangu. Mimi sijawahi kupitisha mteja uani. Hata mmoja." Akalitazama dirisha la uani. "Wiki ile nilikuwa nakuchungulia dirishani. Ulikuwa peke yako. Unavuta, unaongea, unacheka. Nilidhani... nilidhani ni uchungu tu, nikakuacha."

* * *

Alasiri ile binti alirudi kutoka shule amechoka, akajilaza kwenye kochi na sare zake. Jua lilikuwa bado linaingia dirishani. Mama Pasi, aliyeondoka dukani mapema siku ile, alikuwa anamenya vitunguu, mumewe yuko chini sakafuni na feni iliyofunguliwa tumbo, wote wawili wamenuna, hakuna anayemsemesha mwenzake. Saa ya ukutani ikaonyesha saa kumi.

Chrii.

Safari hii mumewe naye aliinua kichwa. "Nani kawasha kiberiti?"

Kifua cha mtoto kilikuwa kimeanza kupanda, kikapanda, kikaendelea kupanda bila kushuka, kama mtu anayevuta sigara ndefu isiyoisha, na mashavu yake yakabonyea ndani, na macho yamefumba, na kutoka kwenye pembe ya mdomo wake ukatoka uzi mwembamba wa moshi, wa buluu, ulionyooka, ukaenda juu mpaka usawa wa dari, na pale juu ukapotea kwa vipande vipande, kama kuna mdomo mwingine unaoupokea.

Mumewe alitambaa kwa magoti. Mama Pasi alishafika. Alimwinua mtoto, akampiga mgongoni, akamshindilia ile dawa yake ya kupuliza mdomoni, mara moja, mara mbili. Kifua kikashuka. Binti akafumbua macho, akakohoa, akauliza kwa nini wanalia.

"Umeona?" Mama Pasi alimnong'oneza mumewe juu ya kichwa cha mtoto.

"Nimeona."

"Sema tena."

"Nimeona, mke wangu. Nisamehe."

"Nitakusamehe nikipata nafasi," alisema. "Sasa hivi sina."

* * *

Aliyewaelekeza kwa Fundi Viatu ni Madam Risiti, ambaye kumbe alikuwa anamjua kitambo na hakutaka ijulikane kwa nini. Fundi huyo alikuwa mtu wa makamo, mwenye kibanda cha bati nyuma ya stendi, na sifa zake za kutoa watu majini na mapepo zilikuwa kubwa kuliko sifa zake za kushona viatu. Alisikiliza habari nzima akiwa na misumari midogo midomoni, nyundo mkononi, anapigilia kisigino cha mtu.

"Ulipomwambia basi," aliuliza kupitia misumari, "mkononi ulikuwa na nini?"

"Sigara."

"Nzima?"

"Nilikuwa namalizia."

Fundi alitema misumari kiganjani. "Mama, wewe ulimkataa huku unamalizia! Hata mimi ungeniambia hivyo nisingeondoka. Huyo anakula kupitia vifua vya watu. Wewe ulimfungulia mlango, sasa umefunga jiko, lakini yeye bado yuko ndani, ana njaa, anatafuta sahani nyingine. Akikosa kwako atakula kwa mtoto."

"Nifanye nini?"

"Umkatae ukiwa nayo mbele yako, nzima, inawaka. Pale pale uani, saa yake ile ile. Iwashe kwa mkono bila kuigusisha mdomo, iweke chini, ukae iungue mpaka mwisho. Usivute. Usiinuke. Mimi nitakuwa nyuma ya mlango nasoma yangu, lakini kazi ni yako. Na jambo kubwa, utulie. Yeye atakuchokoza. Usikasirike."

Hapo Mama Pasi aliangua kicheko kibaya. "Fundi, ningejua kutulia ningekuwa navuta sigara miaka kumi na minane? Huyo atamkera mtoto wangu halafu mimi nitulie? Tafuta dawa nyingine."

Fundi aliweka nyundo chini. Akatazama kiatu. "Basi kasirika," alisema. "Lakini kasirika ukiwa umekaa."

* * *

Saa kumi kasorobo walifunga duka. Madam Risiti, mumewe na Fundi Viatu wakabaki ndani, nyuma ya mlango. Mama Pasi aliketi kwenye kigoda uani, mashuka yakining'inia kwenye kamba pande zote. Fundi alikuwa amempa sigara moja na njiti tatu. Aliwasha njiti, akaishikilia sigara kwenye moto mpaka ncha ikashika, akailaza juu ya tofali. Harufu ikamfikia. Mate yakamjaa mdomoni kama maji ya bomba. Alijichukia kwa mate yale.

Mashuka yalitikisika bila upepo. Beseni lililofunikwa mbele yake likalia, kama linavyolia likikaliwa.

"Umenikumbuka," yule mwanamke alisema.

Gauni lilikuwa lile lile. Uso ndio haukuwa sawa. Ulikuwa umekonda, mashavu yamebonyea moja kwa moja, na mdomo umekaa kama wa mtu anayetaka kupuliza mshumaa.

"Sikukukumbuka. Nimekuja kukufukuza."

"Sawa. Iokote kwanza, inaungua bure."

Mama Pasi alikalia mikono yake.

Ndipo mwanamke alipobadilisha sauti. Alisema kwa sauti ya Madam Risiti, yenye kalamu sikioni, "Tumerudi kule kule?" Alisema kwa sauti ya mumewe, "Bora mtoto akakae kwa mama yangu." Kisha akasogea, akainamisha shingo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya binti yake, nyembamba, yenye kukatika pumzi, "Mama, kwa nini ulirudia? Ulisema umeacha kwa ajili yangu, kwani mimi sikutosha?" na Mama Pasi alihisi kitu kimepasuka chini ya mbavu, akainuka nusu, mkono umeshatoka chini ya paja umefika usawa wa tofali, sigara imebaki nusu, vidole vyake vinaijua njia bila kuulizwa, na nyuma ya mlango kisomo cha Fundi kikapanda na mumewe akaita jina lake la nyumbani, na yeye hakusikia kisomo wala jina, alisikia tu ile pumzi ndefu inayoingia na haitoki, inavuta mashuka kwenye kamba, inavuta nywele zake, inavuta hewa yote ya uani kwenda kwenye ule mdomo mmoja.

Akajirudisha kigodani kwa kishindo.

"Nilirudia!" akapiga kelele. "Ndiyo, nilirudia! Nilimwambia mtoto nimeacha, nikarudia, nikamlaza hospitali, na nitakufa nalo hilo! Lakini wewe ni nani wa kuniuliza? Wewe uliyenikuta nina hasira ukaniwashia? Wanaonidharau wanidharau, wanaoninusa waninuse, waninuse mpaka kaburini! Sikuacha ili niaminiwe, na sitavuta eti kwa sababu siaminiwi! Nina hasira leo, nitaamka nayo kesho, na kesho kutwa nitakuwa nayo, na sitavuta! Umesikia, mbwa wewe? Nina hasira na sivuti! Nina hasira na sivuti!"

Alilisema hilo mpaka koo likakauka. Alilisema machozi yanamtoka na kamasi zinamtoka, akilipiga tumbo lake kwa ngumi, na alipotazama tofali, moto ulikuwa umekula sigara yote, umefika kwenye kichungi, umezima. Kilichobaki ni kijiti cha majivu kilicholala kizima, ambacho hakuna mdomo uliokigusa.

Mwanamke alikuwa anakitazama pia. Kwa mara ya kwanza akaacha kuvuta.

Kisha akatoa pumzi.

Ulitoka moshi wa miaka, mweusi, mzito, wenye joto, ukajaa ua mpaka mashuka hayakuonekana, na Mama Pasi alibana pumzi na kufumba macho, na ndani ya giza lile alihisi uso umesogea kwenye uso wake, pua kwa pua, na mdomo wa baridi ukavuta mara moja tu, kidogo, kutoka katika matundu ya pua yake, kama mpishi anayeonja mchuzi kabla ya kuondoka jikoni.

Walipofungua mlango, ua ulikuwa mweupe kwa jua. Beseni lilikuwa limepasuka katikati.

"Ameondoka," Fundi alisema, jasho likimtiririka. "Ila amechukua nauli. Sijui amechukua nini."

* * *

Alijua usiku ule ule, alipounguza vitunguu na hakushtuka mpaka aliposikia mumewe anakohoa. Hakusikia harufu ya vitunguu. Hakusikia ya sabuni, wala ya mafuta ya taa aliyoyasogeza puani kwa makusudi. Hakusikia harufu ya kichwa cha mtoto wake. Daktari alimulika puani kwa tochi, akasema hakuna ubovu anaouona.

Nguo za dukani zilirudi kunukia usafi. Wateja ndio waliosema. Madam Risiti alimwomba msamaha kwa mtindo wake, kwa kumletea kigoda kipya chenye mto na kuondoka haraka. Mama Pasi alikipokea. Msamaha wenyewe alikuwa bado anautafakari. Mumewe hakumnusa tena, na hilo nalo lilimkasirisha, kwa sababu alimwona anavyojizuia.

Hakuvuta. Miezi mitano ilipita hivyo, hasira ikiwa pale pale, naye akifua, akipiga pasi, akikunja.

Lakini kwa kuwa pua yake ilikuwa imekufa, hakuwa na njia ya kujua, na kutojua kulimla. Kila jioni alipotoka kazini alimpa binti yake mtandio wake aunuse.

"Unasikia nini?"

"Sabuni, mama."

"Kweli?"

"Kweli. Na jasho kidogo, usikasirike."

Wakacheka. Ikawa mazoea yao.

Jioni moja ya mvua kubwa alimpa mtandio kama kawaida. Binti aliuweka puani. Akautoa. Akauweka tena, muda mrefu zaidi, na macho yake yakamtazama mama yake mara moja kisha yakaenda sakafuni.

"Unasikia nini?"

"Sabuni," binti alisema.

Mama Pasi alimtazama. Alitaka kumwambia, sijavuta, naapa sijavuta, lakini mtoto hakuwa amemuuliza kitu.

Binti aliukunja mtandio vizuri, akauweka mezani mbali kidogo na yeye. Kisha akainuka, akaenda dirishani, akalifungua wazi kabisa, na kusimama pale akivuta hewa ya nje na kukizuia kikohozi, mvua ikimpiga usoni.

"Unasikia joto?" mama aliuliza.

"Kidogo, mama," alijibu, bila kugeuka.